Mpimeni kijana kwa alichosoma mwisho

Kwa: Katibu Mtendaji na Wajumbe wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU)
Nakala: Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET), Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB)

YAH: WANAFUNZI WA STASHAHADA WANAOOMBA KUBADILI KOZI WAKISHAINGIA CHUO KIKUU

Ndugu Katibu Mtendaji na Wajumbe,

Mimi ni mkufunzi katika chuo cha kati huku Mwanza, kandoni mwa ziwa. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo hili linawagusa wazazi wengi wasiojua pa kulipeleka. Tena barua za kijana mmoja mmoja, ambazo baadhi nimesaidia kuziandika, hujibiwa kwa kijana mmoja mmoja, na kanuni hubaki pale pale.

Kila mwaka wahitimu wetu tuliowaaga kwa vigelegele hurudi ofisini muhula wa kwanza wa chuo kikuu ukielekea ukingoni. Wana stashahada nzuri, wamechaguliwa, wengine wana mkopo. Wameingia darasani na kugundua kwamba fani wanayoiweza na kuipenda ni nyingine, na mara nyingi inafundishwa chuo kile kile, jengo la pili. Wanauliza: “Mwalimu, naweza kuhama kozi bila kuacha chuo?” Kwa jinsi taratibu zinavyotekelezwa leo, wengi wao inabidi niwaambie hapana, na ninapowaeleza sababu naona aibu, maana sababu yenyewe ni karatasi ya kidato cha nne.

Ombi langu ni hili. Mwanafunzi aliyefika chuo kikuu kwa njia ya stashahada, anapoomba kubadili kozi, apimwe kwa masomo aliyoyafanya karibuni, yaani stashahada yake na matokeo yake ya mwaka wa kwanza. Alama za kidato cha nne zisomwe kama historia yake, zisiwe ndizo zinazofunga mlango.

Nianze na namna mtoto wa huku anavyoifikia stashahada, kwa sababu naamini hapo ndipo palipo na kiini cha tatizo. Anamaliza kidato cha nne akiwa na miaka kumi na sita, kumi na saba. Kama anatoka Ukara, Kome au Maisome, chaguo lake halitokani na kupitia vitabu vya kozi akiwa ametulia. Linatokana na nani atalipa ada, shangazi yupi ana chumba Buhongwa au Igoma, na chuo gani kiko karibu kiasi cha kufikika kwa nauli iliyopo. Nyegezi kuna kampasi ya FETA inayofundisha uvuvi na ukuzaji viumbe maji. Butimba kuna chuo cha ualimu. Mjini hapa kuna kampasi za CBE (biashara), TIA (uhasibu) na DIT (teknolojia), na Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini kina kituo chake cha Kanda ya Ziwa. Vyote vinafanya kazi nzuri, wala simlaumu mzazi anayempeleka mtoto kwenye mlango ulio karibu. Lakini tusijidanganye kwamba kijana huyo alichagua fani ya maisha. Alichagua kuendelea kusoma, na hilo lilikuwa jambo la busara kuliko yote aliyoweza kufanya wakati ule.

Kisha anakua akiwa mikononi mwetu. Nina mhitimu mmoja, mtoto wa mvuvi wa dagaa, ambaye sitamtaja jina wala chuo kikuu alichopo. Kidato cha nne alipata F ya Hisabati. Shule yake ilikaa muda mrefu bila mwalimu wa somo hilo, na anayezijua sekondari za visiwani hatashangaa. Alisoma stashahada ya uvuvi. Humo alikutana na hesabu kwa sura nyingine kabisa: kupima oksijeni na joto la maji kwenye vizimba vya sato, kukokotoa chakula kwa uzito wa samaki waliomo, kuandika takwimu za mialoni, kulinganisha uzito wa sangara wa msimu huu na wa msimu uliopita, kuchora jedwali na kulisoma. Hesabu iliyomshinda ubaoni aliiweza majini. Mwaka wa mwisho wenzake walikuwa wanamfuata bwenini awaeleze takwimu.

Chuo kikuu alipangiwa shahada ya mambo ya uvuvi, kama stashahada yake ilivyomruhusu. Muhula wa kwanza akasoma somo la takwimu pamoja na wanafunzi wa kozi nyingine, akawa miongoni mwa waliofanya vizuri darasani. Akaandika barua kuomba kuhamia shahada ya takwimu. Akajibiwa kwamba hana ufaulu wa Hisabati wa kidato cha nne. Mwalimu aliyemfundisha takwimu muhula huo alikuwa tayari kumpokea, na mkuu wa idara hakuwa na neno. Iliyomzuia ni F aliyoipata zaidi ya miaka mitatu nyuma, katika somo ambalo hakuna mtu aliyekuja darasani kumfundisha.

Najua kwa nini kanuni iko hivyo. Mwongozo wenu wa udahili kwa wenye stashahada huorodhesha, kwa kila shahada, ni stashahada zipi zinakubalika. Juu yake unaweka kiwango cha chini: ufaulu wa masomo manne kwa alama D au zaidi kidato cha nne, na stashahada yenye GPA isiyopungua 3.0. Kozi nyingine zinataja na masomo. Mtu mwenye stashahada ya utabibu anayetaka kusomea udaktari wa binadamu lazima awe na angalau D katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Kama kipimo cha mlangoni sina ugomvi nacho. Nafasi ni chache, waombaji ni wengi, na lazima kuwe na kitu cha kulinganishia watu ambao chuo hakijawahi kuwaona.

Ila huyu ninayemzungumzia chuo kimeshamwona. Ameketi katika madarasa yake, amefanya majaribio yake, amesahihishwa na wahadhiri wake. Kumpima kwa karatasi ya NECTA ya alipokuwa mtoto, huku matokeo ya chuo chenyewe yako mezani, ni kuiamini karatasi ya zamani kuliko wahadhiri wa vyuo mlivyovipa ithibati ninyi wenyewe.

Wengi wanaokwama hapo hushauriwa wakarisiti. Nawafahamu watu wazima, wafanyakazi wa vituo vya afya, wenye watoto, waliojisajili kama watahiniwa wa kujitegemea wakarudia somo moja la kidato cha nne wakiwa wameshatibu wagonjwa kwa miaka. Wanaofaulu nawapongeza. Lakini ukitazama jasho lile, unajiuliza taifa limepata nini kwa kumrudisha mtu huyo kwenye maswali ya kidato cha nne, wakati lingeweza kumpa mtihani wa kiwango anachokwenda kukisomea.

Jambo la pili ni tarehe. Kila mwaka mnatangaza kipindi cha uhamisho, wa ndani ya chuo na wa kutoka chuo kimoja hadi kingine, na kipindi hicho hufuata karibu sana na udahili. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wakati huo bado anatafuta chumba Malimbe, bado anasubiri bumu, bado hajajua jengo lipi lina darasa lake. Hajasoma chochote cha kumwonyesha kwamba amekosea njia. Akija kulijua hilo, mwezi Januari au Februari, dirisha limekwisha kufungwa. Uhamisho wa namna hiyo unamfaa aliyebadili mawazo kabla ya kuonja. Aliyeonja akajua amebaki nje.

Ninyi mnafahamu kwamba serikali hii hii imeshakubali busara iliyo kinyume na hapo kwa watoto wadogo zaidi. OR-TAMISEMI humruhusu kijana wa kidato cha nne, matokeo yakishatoka, kuingia tena kwenye mfumo na kubadili tahasusi au kozi ya chuo aliyoijaza awali, kwa sababu sasa anajua alichofaulu. Mwaka 2024 tahasusi zilipoongezwa hadi 65, vijana walihimizwa wafanye hivyo. Sijaona aliyesema utaratibu huo unashusha elimu. Kama wa miaka kumi na saba anapewa nafasi ya kuchagua upya baada ya kuyaona matokeo yake, wa miaka ishirini na mbili naye anastahili nafasi kama hiyo baada ya kuyaona yake ya chuo kikuu.

Nije kwenye kile kinachopotea, maana hapa ndipo familia huumia mfukoni. Katika mfumo wa NACTVET kila ngazi, ya 4, ya 5 na ya 6, ina krediti 120, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Aliyepanda ngazi zote tatu tangu kidato cha nne amebeba krediti 360, saa 3,600 za darasani, maabara, mazoezi ya kazi na kujisomea. Shahada ya kawaida ya miaka mitatu kwenu nayo inahesabiwa krediti 360. Sidai kwamba ngazi ya 6 ni sawa na ya 8, yaani ya shahada; nafundisha stashahada na tofauti naijua. Hata hivyo kwa desturi mhitimu huyu huanza mwaka wa kwanza kama mwenzake aliyetoka kidato cha sita, na mawasiliano, kompyuta, ujasiriamali na misingi ya takwimu huvisoma upya. Akihama kozi, anaanza mwaka wa kwanza mara ya pili. Mtu amesoma miaka minne baada ya sekondari, na kwenye daftari la chuo ni mgeni asiye na kitu.

Asipoweza kuhama, kinachobaki ni kuacha chuo na kuomba upya mwaka unaofuata. Hapo anakutana na Bodi ya Mikopo. Miongozo ya Bodi imekuwa ikimtaka aliyewahi kupata mkopo akaacha masomo arejeshe kwanza asilimia 25 ya alichopokea kabla ya kufikiriwa mkopo mwingine. Naelewa haja ya kulinda fedha ya umma. Lakini mtoto wa mvuvi, asiye na ajira, atatoa wapi robo ya ada na posho za mwaka mzima? Kwa hiyo anavumilia. Anamaliza shahada asiyoitaka kwa alama za kusukumasukuma, au anabeba sapu hadi anadisko, na deni la Bodi linabaki juu yake vile vile. Fedha ile ile iliyokuwa inalindwa imekwenda.

Kuna mlango wa kando, nautaja kwa haki: kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, ambacho kina kituo Mwanza. Imewaokoa wengi ambao vyeti vyao havikutosha, na nawapeleka vijana huko. Ila ni mwaka mwingine na ada nyingine, na haikubuniwa kwa mtu ambaye tayari yuko ndani ya chuo kikuu na anafaulu.

Huku Mwanza tuna mifano mikubwa ya kubadili njia bila kutupa kilichopatikana, na ni ya taasisi zenyewe. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kilichopo Malimbe kilitokana na kituo cha mafunzo ya jamii cha Nyegezi, kilichoanzishwa mwaka 1960 na Askofu Joseph Blomjous, kikawa chuo kikuu mwaka 1998. Majengo, maktaba na uzoefu wa Nyegezi vilihesabiwa. Bugando ilifunguliwa kama hospitali mwaka 1971, mwaka 2003 ikapata chuo kikuu kishiriki cha sayansi za afya, na leo kuna chuo kikuu kamili. Kampasi ya DIT hapa ilikuwa chuo cha teknolojia ya ngozi. Kila mara mamlaka zilitazama kilichopo, zikapima kama kinatosha kwa hatua mpya, zikaongeza kilichopungua. Ninawaombea vijana wetu uungwana ule ule.

Ukitazama nje, hatutakuwa wa kwanza. Marekani wana vyuo vya jamii vya miaka miwili ambavyo mwanafunzi huanzia na kisha kuhamia chuo kikuu. Jimbo la California lilitunga sheria mwaka 2010 inayomhakikishia anayemaliza stashahada maalumu ya uhamisho nafasi katika mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo, tena akiingia kama mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Nao hawajamaliza kazi: dhamana ile inashikamana na fani inayofanana na ile aliyotoka nayo, na anayebadili fani hujikuta akidaiwa masomo zaidi. Kwa hiyo siwaombi mnakili California. Nawaonyesha kwamba hata waliotangulia kwenye kuhamisha krediti, kubadili fani ndiko kunakowasumbua, na sisi tunaweza kuyashughulikia yote mawili kwa pamoja. Karibu zaidi, Kenya ilitunga sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu mwaka 2014. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mfumo wake wa sifa za elimu ya juu tangu 2015, na mwaka 2017 wakuu wa nchi waliitangaza jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu. Itakuwa ajabu krediti za Kampala zikapata njia ya kuhesabiwa Mwanza kabla ya zile za Nyegezi kuhesabiwa Malimbe.

Na wakati unatubana. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeleta mikondo miwili sekondari, wa jumla na wa amali, na vijana wa kwanza wa mkondo wa amali walianza kidato cha kwanza mwaka 2024. Muda si mrefu watakuwa vyuoni kwetu, kisha kwenu. Mzazi aliyemruhusu mwanawe aende amali aliambiwa kwamba mkondo huo haumfungii mtoto. Taratibu zikibaki kama zilivyo, tutakuwa tumemwahidi jambo tusiloweza kulitimiza.

Najua mtakachojibu, na sehemu yake nakubali. Mtasema watu wataingia kwa kozi zenye ushindani mdogo kisha wakimbilie udaktari na sheria. Basi wekeni sharti: ahame tu aliyefaulu masomo yote ya mwaka wa kwanza bila sapu, kwa GPA mtakayoona inafaa, na pale tu idara inayopokea ina nafasi. Mtasema kozi za afya haziwezi kuchezewa. Sahihi, nami sitaki mgonjwa wa Sengerema ahudumiwe na mtu asiyeijua kemia. Idara impe mtihani wa kemia, mgumu kadiri ipendavyo, na akishindwa arudi alikotoka. Mtasema vyuo tayari vina mamlaka ya kushughulikia uhamisho wa ndani. Vinayo, lakini kila afisa udahili ninayezungumza naye ananiambia jambo moja: hawezi kumpitisha mtu ambaye sifa zake za kidato cha nne hazilingani na mwongozo, kwa sababu mfumo wenu utamkataa. Ufunguo uko kwenu.

Kuhusu krediti, NACTVET na Tume mkae meza moja mkubaliane ni masomo gani ya ngazi ya 6 yanayoweza kumfungulia mhitimu msamaha wa masomo ya awali ya chuo kikuu. Anzeni na yale ya pamoja, kompyuta, mawasiliano na takwimu, ambayo hayana ubishi mkubwa. Bodi ya Mikopo nayo imtenganishe aliyeacha masomo na aliyehama kwa kibali cha chuo. Aliyehama akifaulu mkopo wake umfuate, na mwaka wa ziada ujadiliwe kwa masharti yanayojulikana mapema.

Naomba pia mtoe takwimu. Vyuo vinawaletea majina ya wanaohama. Tangazeni kila mwaka ni wangapi waliomba, wangapi kati yao walitoka stashahada, wangapi walikataliwa na kwa sababu ipi. Sisi wakufunzi tunawashauri vijana kwa kubahatisha, kwa kisa cha huyu na cha yule, wakati majibu yenyewe yanaweza kupatikana kwenu.

Mkitaka kuwasikia wenyewe, njooni Mwanza. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hata wa Sengerema na Geita wanaweza kufika mkutanoni na kurudi kwao siku hiyo hiyo. Nitawaleta wahitimu wakiwa na transkripti zao za stashahada, matokeo yao ya mwaka wa kwanza na barua walizojibiwa, mzisome zote pamoja.

Mwongozo wa udahili ujao utakapoandaliwa, naomba uwe na kifungu cha kubadili kozi baada ya mwaka wa kwanza, kilichoandikwa kwa Kiswahili ambacho mzazi wa Ukara atakielewa: nani anaweza kuomba, kwa matokeo yapi, mwezi gani, nani ataamua, na ndani ya siku ngapi atajibiwa kwa maandishi.

Wenu katika kazi ya elimu,
Mkufunzi wa chuo cha kati,
Mwanza